Alama za Namba Arobaini na Moja

Mtu aliyekwisha kusikiliza viapo kwa miaka ishirini na sita hashtuki upesi. Mpelelezi wa mahakama hakushtuka pale Mwalimu Mkuu alipomtandazia orodha ya matokeo juu ya meza, akaigonga kwa kidole kama mwenye kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Soma kwa macho yako, mzee. Namba arobaini na moja, Hisabati, hakufanya. Maneno hayo sikuyatunga mimi."

Mpelelezi hakusoma. Alihesabu. Makarani wa mahakama walimpachika lakabu ya Tasbihi kwa ajili ya desturi yake hiyo, kwamba kabla hajauliza neno, kidole gumba hupita juu ya pingili za vidole vingine, moja baada ya moja, hadi kilicho mbele yake kikaisha. Alihesabu majina. Yalikuwa thelathini na tisa. Akahesabu alama za Hisabati. Zilikuwa thelathini na nane.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza, zito kulibeba. Mama mmoja mshona nguo aliishitaki shule kwa kumrudisha binti yake darasa. Binti alifaulu masomo sita, na la saba, Hisabati, likaandikwa kuwa hakulifanya. Sifuri hiyo ikauvuta wastani wake hadi arobaini na saba, na mpaka wa kupandishwa darasa ni hamsini. Muhula mpya ulikwisha kula wiki saba, na mtoto alikuwa ameketi tena na wadogo zake. Hakimu alichoka kuahirisha. Alisema kesho saa tatu asubuhi ushahidi uletwe, ama shauri lifutwe na mtoto abaki alipo.

"Siku ya mtihani huyu binti alitia sahihi?" aliuliza mpelelezi.

"Sahihi alitia. Lakini kuingia msikitini si kuswali, mzee wangu. Aliingia, akatia sahihi, akaketi, kisha akaondoka na karatasi yake. Wakili wangu amekwisha kuliandika hilo."

"Bahasha iliyobeba karatasi za somo hilo ipo?"

Mwalimu Mkuu alifungua kabati. Hakuona sababu ya kuificha bahasha tupu. Mpelelezi aliigeuza upande wa nyuma, akakuta mwandiko wa msimamizi wa mtihani kwa wino wa buluu: waliotia sahihi, 39, karatasi zilizokabidhiwa, 39.

"Zilikabidhiwa thelathini na tisa," alisema mpelelezi. "Kwako zimefika alama thelathini na nane."

"Basi aliyehesabu alikosea."

"Huenda. Karatasi zenyewe ziko wapi?"

"Walirudishiwa wanafunzi. Hapa hatufugi panya."

Mpelelezi aliteremsha kidole hadi chini ya orodha. Namba arobaini, jirani wa arobaini na moja, alikuwa na themanini na tatu katika Hisabati. Katika masomo mengine alikuwa akitambaa, arobaini na mbili hapa, hamsini na mbili pale.

"Na huyu ni nani wako?"

Mwalimu Mkuu alivuta pumzi. "Mtoto wa dada yangu. Nilijua utalifikia hilo, maana mji mzima umekwisha kulifikia. Mpwa wangu alijitahidi. Kujitahidi si kosa la jinai."

"Karatasi yake?"

"Ameipoteza."

"Na hapa?" Kidole kilipanda juu. Orodha iliruka kutoka nane hadi kumi, kisha ikaruka tena kutoka kumi na sita hadi kumi na nane.

"Hao hawamo tena. Namba tisa alihamishwa na babake." Kengele ya mapumziko ikalia. Mwalimu Mkuu akasimama kwa haraka ya mtu aliyefunguliwa kamba. "Hawahusiki na shauri hili."

*

Mwalimu wa Hisabati aliitwa na wanafunzi Bwana Asilimia, naye jina hilo alilivaa kama kofia ya sikukuu. Alikuwa katika chumba cha walimu, kiatu kimoja amekivua, akikiangalia kisigino.

"Asilimia themanini ya kiatu hiki imekwisha," alisema. "Karibu, mzee. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kujifunza kazi. Alama hutokaje kwenye karatasi zikafika kwenye orodha?"

"Kwa mdomo wangu. Mimi ni mnadi. Karatasi zimepangwa kwa namba na orodha ya mkono imepangwa kwa namba. Mimi nashika fungu, mwalimu wa darasa anashika kalamu. Nasoma alama, anaandika, anateremka mstari. Darasa zima tunalimaliza kabla chai haijapoa."

"Husomi majina?"

"Majina ya nini? Ukisoma majina utalala hapa."

"Na mtoto aliyeondoka shule, ambaye jina lake lingali kwenye orodha?"

"Hilo lina kanuni yake. Jina lake hupigwa mstari mwekundu, kwa rula, na mwalimu wa darasa mwenyewe. Mwandishi akiuona mstari mwekundu anaruka. Asipouona anaandika. Tumekuta hivyo, tutaacha hivyo."

"Siku ile ulisoma alama ngapi?"

"Nani ahesabu, mzee?"

"Mimi."

Bwana Asilimia alicheka peke yake, kisha akaacha. "Nilisoma hadi fungu likaisha. Mwalimu wa darasa akasema, arobaini na moja hana kitu. Nikamwambia, basi hakufanya, andika hivyo. Matokeo yalikuwa yabandikwe mchana, na Mwalimu Mkuu alikwisha kuchungulia mlangoni mara tatu."

"Themanini na tatu unaikumbuka?"

"Nitaisahauje? Ndiyo iliyoshinda zote. Ilikuwa ya mwisho kabisa katika fungu. Nilisema, tazama, mwisho umekuja na asali."

Mpelelezi aliandika maneno hayo katika daftari lake kama yalivyotamkwa, akalipigia mstari neno moja, "mwisho".

"Orodha hiyo ya mkono nimeletewa nakala yake iliyopigwa chapa tu. Yenyewe anayo nani?"

"Mwalimu wa darasa."

"Amekataa kuitoa?"

Bwana Asilimia alirudisha mguu ndani ya kiatu, akafunga kamba polepole, ingawa haikuwa ndefu.

"Hakuna aliyemwomba," alisema. "Siku hizi hatumwombi kitu."

*

Duka la mshona nguo lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na cherehani mbili, moja inafanya kazi na moja inatolewa vipuri. Vipande vya kitambaa vilifungwa kwa rangi zake. Ukutani zilitundikwa sare za shule zilizosubiri wenyewe.

"Karibu, baba," alisema mshona nguo bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. "Umeniletea hukumu au umeniletea tarehe nyingine?"

"Maswali tu, mama."

"Maswali ninayo mengi. Nipunguzie."

Binti yake alikuwa ameketi juu ya kigoda, akishona vifungo. Alimwamkia mgeni, shikamoo, akaitikiwa marahaba, akarudi kwenye sindano yake. Ilikuwa siku ya shule.

"Leo hakwenda," mama alieleza. "Anasema dawati ni fupi, magoti yanagonga. Nimwambie nini? Kweli yanagonga."

Mpelelezi alivuta kiti. "Binti, siku ya mtihani wa Hisabati ulikabidhi karatasi?"

"Ndiyo."

"Kwa nani?"

"Kwa msimamizi. Alizikusanya kwa namba. Yangu huwa ya mwisho, akaiweka chini ya zote. Siku ya kurudishiwa sikuikuta."

"Swali la mwisho lilihusu nini?"

"Tangi lenye mabomba mawili. Linajaa kwa dakika arobaini na nane." Alikata uzi kwa meno. Sauti yake haikuwa na malalamiko. Ilikuwa imekwisha kuyatoa kwa watu wengine, ikabaki tupu.

"Mwongo hukumbuka mambo makubwa tu, baba," alisema mama. "Dakika hazikumbuki. Huyo Mkuu alichukua alama za mwanangu akampa mpwa wake. Jirani kwa jirani, arobaini na arobaini na moja. Hata kipofu ataliona hilo kwa kupapasa."

Mpelelezi naye alidhania hivyo tangu asubuhi, na jambo moja tu lilimzuia. Kama mpwa alipewa alama za jirani yake, alama zake mwenyewe zilipotelea wapi? Mwenye kuiba kanzu huacha yake ya zamani.

Alipokuwa akiwaza hayo, jicho lake liliangukia fungu la karatasi lililotundikwa kwenye msumari karibu na mkasi. Zilikuwa vipimo vya kola, vimekatwa kwa mviringo kutoka karatasi zilizotumika, na pembeni mwa kimojawapo palikuwa na tarakimu nyekundu.

"Karatasi hizi unazipata wapi?"

"Watoto huniletea za shule, nawapa vifungo. Karatasi ya mtihani ni ngumu, inafaa kola."

"Naomba nizitazame."

Alizishusha zote. Nyingi zilikuwa za masomo mengine na miaka mingine. Tatu zilikuwa za Hisabati ya mtihani ule, na katika hizo tatu mkasi ulikuwa umesalimisha pembe yenye namba ya mtahiniwa na alama zake. Mpelelezi alizipanga juu ya meza ya kukatia, akaiweka orodha ya chapa kando yake, akatoa kalamu.

Namba kumi na mbili, kwenye kola, hamsini na moja. Kwenye orodha, hamsini na moja. Sawa.

Namba ishirini na mbili, kwenye kola, hamsini na nane. Kwenye orodha alipewa arobaini na saba. Hamsini na nane ilikuwepo, lakini kwa namba ishirini na moja.

Namba thelathini na tano, kwenye kola, ishirini na tisa. Kwenye orodha alikuwa na sitini na sita. Ile ishirini na tisa ilikuwa imekaa kwa namba thelathini na nne.

Alitazama kwa muda mrefu, na cherehani ikanyamaza.

"Mwizi gani huyu," alisema hatimaye, "anayeiba kwa foleni?"

"Unasema nini, baba?"

"Kila mtoto amepanda ngazi moja na kukaa kwa mwenzake. Alama za binti yako anazo namba arobaini, hapo umesema kweli. Lakini hakuziiba. Zake yeye anazo thelathini na tisa, na za thelathini na tisa anazo thelathini na nane. Kumi na mbili yuko sawa, ishirini na mbili hayuko sawa. Mahali fulani katikati yao msomaji na mwandishi waliachana njia. Kuna jina lililoandikiwa alama ilhali mwenyewe hana karatasi."

Kidole gumba kilipita juu ya pingili. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kikasimama.

"Namba kumi na saba ni nani?"

Mama alimtazama binti, na binti alitazama kifungo.

"Mtoto wa mwalimu wetu wa darasa," alisema binti. "Alikuwa anakaa dawati la mbele. Alikufa wiki ya sita ya muhula ule."

"Mtihani ulikuwa wiki ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

Mshona nguo aliinuka, akanyoosha shati moja dogo lililotundikwa mwisho wa safu, ingawa halikuwa na mkunjo. "Hili ni lake. Vifungo nilikwisha kuvitia. Mwalimu hakuja kulichukua, nami sikuona njia ya kumpelekea." Alikaa tena. "Mimi nilimshitaki mwenye ofisi, baba. Sikumshitaki mfiwa. Hapana njia nyingine?"

"Kola tatu ni ishara, mama, si ushahidi. Bila orodha ya mkono, kesho saa tatu shauri linafutwa."

Mama alitazama magoti ya bintiye, yaliyopita juu ya kigoda hadi karibu na kidevu.

"Basi nenda," alisema. "Lakini usiingie kwa kishindo."

*

Alasiri shule ilikuwa imekwisha kutoa wanafunzi. Mwalimu wa darasa alikuwa peke yake, meza yake mbele ya madawati matupu, akisahihisha madaftari. Alimwona mpelelezi mlangoni, akamaliza ukurasa, akaweka tiki, akalifunga daftari. Kisha, kabla ya salamu kufika mwisho, akavuta mtoto wa meza na kutoa karatasi pana iliyokunjwa mara mbili.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

Mpelelezi aliifungua. Namba tisa ilipigwa mstari mwekundu, umenyooka, wa rula. Namba kumi na saba haikuwa na mstari. Masomo sita yalikuwa wazi mbele ya jina lile, kwa kuwa walimu wengine waliandika alama zao kwa mikono yao na wakaruka. Katika Hisabati paliandikwa sitini na nne, alama ambayo mpiga chapa aliiacha pamoja na jina.

Juu ya meza palikuwa na daftari la mahudhurio, limefunguliwa. Ndilo la muhula uliopita. Kila mtoto alikuwa na tiki au msalaba kwa kila siku. Namba kumi na saba, kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili, alikuwa na nukta.

"Siku ile hukuona kwamba jina lake limebaki?"

"Mwenzangu alikuwa anasoma mbio. Nilikuwa naandika. Mkono uliteremka mstari mmoja mmoja."

"Uligundua lini?"

"Siku ya pili. Nilipokaa peke yangu na karatasi."

"Wiki saba za muhula huu zimepita, Mwalimu."

"Zimepita."

"Mwalimu Mkuu alikuambia unyamaze? Mpwa wake ndiye aliyefaidika."

"Hajui lolote. Hajaniuliza kitu tangu mazishi." Alisema hivyo kama mtu anayesoma ratiba. "Wa kulaumiwa ni mimi. Andika."

"Nitaandika. Lakini kwa nini?"

Mwalimu alinyoosha kidole, akakiweka si juu ya jina bali juu ya tarakimu.

"Hesabu zilimshinda," alisema. "Nilimfundisha nyumbani, nilimtafutia mwalimu, nilimfungia ndani. Alama yake ya juu kabisa ilikuwa thelathini na nane. Hakuwahi kupata sitini na nne."

Mpelelezi alifungua daftari lake.

"Si zake," aliendelea mwalimu. "Najua. Ni za namba kumi na nane. Nafundisha, najua kuhesabu. Nilikuwa nikijiambia, kesho nitapiga mstari. Kisha mama wa yule binti akaenda mahakamani, nikajiambia, watakuja wenyewe. Kila asubuhi nilimwona binti anapita dirishani kwenda darasa la wadogo zake. Nilimwona. Sikusikia kitu."

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi, na sahihi."

"Nitafukuzwa?"

"Sijui."

"Na namba arobaini?"

Mpelelezi alitazama mstari wa thelathini na tisa. "Alama zake ni hizi, thelathini na moja. Atarudi darasa."

"Naye hakufanya kosa."

"Hakufanya."

Mwalimu alitikisa kichwa, akaandika maelezo yake, mistari kumi na miwili bila kufuta neno, akatia sahihi na tarehe. Kisha akatoa rula na kalamu nyekundu kutoka mtoto wa meza. Akailaza rula chini ya namba kumi na saba, akaisawazisha na kingo za karatasi, na kalamu akaishika juu yake.

"Usiiguse," alisema mpelelezi.

Mwalimu aliinua macho.

"Hiyo ni kielelezo sasa. Huwezi kufuta, huwezi kuongeza, hata mstari mmoja. Itaingia kwenye faili kama ilivyo."

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo."

"Kisha mtaitupa."

"Faili la mahakama halitupwi, Mwalimu."

Kalamu ilikuwa ingali hewani. Halafu akaifunika kifuniko chake, akairudisha rula ilikotoka, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza kwa ncha za vidole vyote viwili vya shahada.

Ilibaki kazi moja. Hakimu angetaka orodha mpya, isomwe na kuandikwa mbele ya ofisa wa mahakama. Mpelelezi alichukua karatasi safi, akapiga mistari, akajaza namba hadi arobaini na moja. Kalamu akaishika yeye.

"Usisome alama peke yake," alisema. "Soma namba, jina, kisha alama."

Mwalimu alianza kusoma ile orodha ya mkono. Sauti yake ilikuwa ile ya kila asubuhi, ya kuita majina. Namba moja, jina, alama. Namba mbili, jina, alama. Ilipofika tisa alisema, amehama, na mpelelezi akapiga mstari. Kumi na mbili ilikuwa hamsini na moja, kama kwenye kola. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Namba kumi na saba," alisema, akalitaja jina la mwanawe lote, la kwake na la babake na la babu yake, kama lilivyoandikwa.

Nje mlinzi alikuwa akifunga madirisha ya darasa la jirani. Moja lilikwama, akaligonga kwa kiganja, likaingia.

"Hayupo," alisema mwalimu.

Mpelelezi alipiga mstari.

"Namba kumi na nane," aliendelea mwalimu, akataja jina. "Sitini na nne."

Kuanzia hapo kila alama ilishuka ngazi moja ikamkuta mwenyewe. Ishirini na mbili alirudishiwa hamsini na nane. Thelathini na tano alirudishiwa ishirini na tisa, na mpelelezi hakuinua kalamu kumhurumia. Arobaini alipata thelathini na moja. Mwalimu akateremsha kidole hadi mstari wa mwisho, ulioandikwa hakufanya kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Namba arobaini na moja." Akalitaja jina la binti wa mshona nguo. "Themanini na tatu."

Mpelelezi aliandika, akaweka kalamu chini. Kidole gumba kikaanza upya juu ya pingili, kikateremka mstari kwa mstari, na mwalimu akakitazama kikienda. Zilikuwa thelathini na tisa.